Stempu za babu, tuzibandue tukauze?

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu yetu alifariki mwaka jana, kwenye sanduku lake tumekuta barua kama 30 za miaka ya sabini mwanzoni, alikua anaandikiana na mdogo wake aliyekua anafanya kazi reli kule Nairobi. Stempu zimeandikwa nchi 3 kwa pamoja, Kenya Uganda Tanzania, nyingine Tanzania imetangulia. Mjomba anasema tuzibandue tukauze maana stempu za zamani zina hela ndefu. Ni kweli? Na kuna barua moja ya Uingereza, stempu ina kichwa cha malkia na bei basi, jina la nchi hakuna. Ni feki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kwanza kabisa mwambie mjomba asibandue hata moja, tafadhali.

Hizo za nchi 3 ni za enzi za posta moja. Stempu za pamoja zilianza 1935, wakati huo ikiandikwa Kenya Uganda Tanganyika, na uhuru ulipokuja huduma haikugawanywa, ndo maana Tanganyika ikageuka Tanzania kwenye stempu. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki makao yake yalikua Kampala, na stempu uliyonunua Tanga ungeweza kuibandika Kisumu barua ikaenda bila shida. Majina yalikua yanapokezana, leo Uganda mbele kesho Kenya, kitu ambacho mimi nakipenda sana. Jumuiya ikavunjika 1977 kila mtu akabaki na posta yake.

Sasa hela. Bei ya stempu inafuata uchache wake, umri peke yake hautoshi. Stempu ya kwanza duniani, Penny Black ya Uingereza ya Mei 1840, zilichapwa kama milioni 68 na mpaka leo zinapatikana kwa wauzaji, wakati ile ya senti moja ya British Guiana (koloni la Uingereza kule Amerika Kusini) ya 1856 inajulikana moja tu, ikauzwa New York mwaka 2014 karibu dola milioni 9.5. Za babu zilichapwa nyingi, ikibanduliwa moja moja haitawapa kitu cha maana. Ila bahasha nzima, yenye muhuri wa posta unaosomeka mji na tarehe, na mwandiko wa mtu wa reli, hiyo ndo wakusanyaji wanaiangalia. Ukibandua umeua kila kitu, nimeona familia ikifanya hivyo na iliniuma.

Ya malkia sio feki. Kabla ya 1840 kule Uingereza mara nyingi aliyepokea barua ndo alilipa, wanahesabu umbali na idadi ya karatasi, ikawa ghali mpaka watu wanazikataa mlangoni. Mwaka 1837 Mwingereza mmoja, Rowland Hill, akapendekeza anayetuma alipe mwenyewe mapema, peni moja kwa barua nyepesi popote ndani ya nchi, na kikaratasi cha gundi kiwe ndo ushahidi kwamba kalipa. Hakuna nchi nyingine iliyokua na stempu kwahiyo jina la nini, wakaweka kichwa cha malkia Victoria. Baadae posta za dunia zikaungana mjini Bern, Uswisi, 1874, nchi zikaja kutakiwa kuandika majina yao, Uingereza ikaachiwa ibaki na kichwa cha mfalme au malkia wake.

Hapo Tanga unyevu ni mwingi, gundi itashika na ukungu utaingia, kwahiyo zitoeni kwenye mifuko ya plastiki, ziwekeni kwenye boksi la karatasi mahali pakavu, wala msigandishe kwa selotepu. Mjomba akitaka bado kuuza, aonyeshe bahasha nzima. Halafu kama yule mdogo wa babu ana watoto Nairobi watafuteni, maana barua alizoandika babu huenda ziko kwao.