Maswali ya Wasomaji: Machweo ya Lindi Ukiwa Kitunda

SWALI: Huwa navuka hadi Kitunda, ng'ambo ya maji, kupiga picha mji wa Lindi jua linapozama. Simu hunipa anga jeupe lisilo na rangi, au mji mweusi tititi. Nikihariri, minazi inazungukwa na mstari mweupe, na anga linakatika mapande mapande kama ngazi. Tatizo ni nini? – Msomaji, Lindi

JIBU: Ndugu msomaji, mahali ni pazuri, maana ukiwa Kitunda mji unakaa upande wa machweo. Ugumu nao unatoka hapohapo: unapiga ukilielekea jua, na simu haiwezi kubeba mwanga wa anga na wa nyumba katika picha moja. Pimia anga. Gusa sehemu angavu kando ya jua, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Kilicho cheusi kinaweza kuinuliwa baadaye kwa kiasi. Kilichoungua kikawa cheupe kabisa hakirudi kwa programu yoyote.

Lakini dawa kubwa ni kusubiri. Huku kwetu jua huzama karibu wima: likishagusa upeo, dakika mbili na ushee limekwisha. Mwezi Juni huzama yapata saa 12:10 jioni, Desemba yapata saa 12:40. Watu wengi hufunga mabegi hapo, na ndipo wanapoikosa picha. Kati ya dakika 10 na 20 baada ya jua kuzama, mwanga wa anga hushuka ukalingana na taa za mjini, na simu inaweza kuvibeba vyote viwili. Ulizia mapema chombo cha kurudia.

Mwanga huo mdogo hautaki mkono. Tumia tripodi au egemeza simu kwenye jiwe, weka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100 na taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Futa lenzi kwanza, kwani chumvi ya bahari huutawanya mwanga wa taa. Shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde nzima itaivuruga mashua iliyotia nanga, kwa sababu inayumba. Ukiitaka ionekane vizuri, panda hadi ISO 400, shata iwe robo sekunde, uvumilie chenga kidogo, yaani vidoa vidogovidogo pichani.

Sasa zile ngazi. Picha ya JPEG, aina ya faili iliyozoeleka, ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na anga la machweo hubadilika polepole mno. Ukivuta rangi kwa nguvu, viwango vinaachana na mipaka inaonekana. Simu ikiruhusu, hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi yenye viwango vingi zaidi. Isiporuhusu, ongeza rangi kidogo sana.

Mstari mweupe huletwa na kitelezi cha kukazia maumbo au cha HDR (kusawazisha mwanga na kiza) katika programu ya kuhariri, ambacho hukoleza tofauti pale kiza kinapokutana na mwanga. Kitumie kwa brashi juu ya nyumba pekee, usiguse anga wala makuti.

SWALI: Programu yangu inaweza kubandika anga jingine. Nitumie? – Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Kwa picha yenye bahari, hapana. Maji yatabaki na rangi ya anga la zamani, na nyumba zitaangazwa kutoka upande ambao anga jipya halina jua. Ukitaka kujaribu, chagua picha isiyo na maji, na anga lililopigwa jua likiwa upande uleule na kimo kilekile.