Mbwa Ananiburuta Mteremkoni

SWALI: Shikamoo, bibi. Nina mbwa jike wa miaka mitatu, ana nguvu kweli. Kila Jumamosi tunapanda njia ya kilimani kwenye bustani ya jiji. Si ngumu, ila ina mawe na miinuko. Kupanda tunaelewana, tukianza kushuka ananivuta hadi nakaribia kuanguka, na viganja vimeota malengelenge. Nifupishe kamba? Na akizidiwa nitajuaje?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Malengelenge hayo yananiambia unaizungusha kamba mkononi. Acha leo hii! Mbwa akichomoka ghafla, kamba iliyozungushwa inaweza kukuvunja kidole, na kuiachia huwezi. Pitisha dole gumba kwenye kitanzi, fumba kiganja, mkono wa pili ushike chini kidogo.

Kuifupisha, hapana. Mbwa anayebanwa muda wote ndiyo kwanza anaegemea mbele. Mita moja na nusu hadi mbili zatosha, kamba ilegee hata ining'inie kidogo kati yenu. Zile zinazojikunja ndani ya kishikio sizipendi kabisa njiani: kwenye kona humwoni anayekuja, na mbwa ameshamfikia. Mvishe mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele. Akivuta, unamgeuza upande, na koo halikabwi.

Sasa mteremko. Simama kabla hujaanza kushuka. Kamba ikilegea, shukeni. Akikaza, simama tena kama mti, usimvute wala usimfokee. Mwanzoni kipande kifupi kitawachukua muda na watu watawapita wakicheka. Wapisheni, mbwa akae upande wa ukingoni; si kila mtu anafurahia kunuswa magoti.

Kuhusu kuzidiwa: mbwa hutoka jasho kidogo tu, nyayoni, joto hulitoa kwa kuhema. Kwa hiyo kuhema peke yake kusikutishe. Tazama mate yakiwa mazito ya kunata, ufizi ukiiva wekundu, au miguu ikianza kuyumba. Hapo matembezi yamekwisha. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpe anywe kidogo kidogo, kisha moja kwa moja kwa daktari wa mifugo. Wenye pua bapa huzidiwa mapema zaidi. Na kabla ya kukanyaga lami iliyopigwa na jua, iguse kwa mgongo wa kiganja kwa sekunde saba hivi. Ukishindwa wewe, nyayo zake nazo zitaungua.

Mkifika nyumbani mpekue kupe nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Mbane kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpinda. Mafuta ya taa usimpake. Sijui nani alianzisha balaa hilo.

Halafu kile kifuko cha kinyesi unachokitundika tawini eti utakipitia mkirudi: kibebe.