Mwambie avue soksi

Nyinyi mnaoanza kazi kwenye kliniki za ARV hapa Kisumu, naomba jambo moja: mgonjwa avue viatu na soksi. Foleni itanung'unika. Iache inung'unike.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mvuvi mmoja, shida yake ni kwamba gambuti la kushoto lilikuwa linambana. Mguu ulikuwa umevimba, na juu ya kifundo kulikuwa na mabaka meusi kama matone ya lami. "Baba, yanawasha?" Hayawashi. Yanauma? Hayaumi. Nikaandika ukungu wa ngozi, nikampa krimu. Aliporudi baada ya miezi miwili mguu ulikuwa mgumu kama gogo. Kule kutowasha na kutouma ndiko kulikopaswa kunishtua.

Ilikuwa Kaposi sakoma, aina ya saratani. Picha nilizosomea zilikuwa za ngozi nyeupe, madoa ya zambarau, basi nami nikawa natafuta zambarau. Kwenye ngozi zetu doa huwa jeusi au kahawia iliyoiva. Ugonjwa hauletwi na VVU bali na kirusi kingine kabisa, HHV-8, na ulikuwapo Afrika Mashariki hata kabla ya Ukimwi. VVU inaiangusha kinga tu, kirusi hicho kikapata nafasi.

Kisha tochi na mdomo. Mwambie aangalie juu, mtazame kaakaa. Mkiona doa pale, ulizeni kuhusu kukohoa damu na choo cheusi, maana huenda ugonjwa umeshafika mapafuni au tumboni.

Msihukumu kwa macho pekee. Kuna ambukizo la bakteria linalofanana nao sana, kwa hiyo kinyama kikatwe kipimwe. Hapo ndipo wengi hukimbia, hasa aliyekwisha ambiwa nyumbani kwamba hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Msimcheke. Mwonyesheni kifaa chenyewe, mwambieni kuna sindano ya ganzi na kijeraha cha milimita 4 hivi.

Wakati mwingine madoa huzidi wiki chache baada ya kuanza ARV. Asiache dawa, na msikimbilie prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza uvimbe, inaweza kuuchochea ugonjwa. Mpelekeni kwa wanaotibu saratani. Yule mvuvi alihitaji dawa za saratani za mshipani juu ya ARV.

Na kinyama kwenye weupe wa jicho, usiseme ni jua na vumbi la ziwani tu. Saratani ya hapo inapenda jua na VVU vyote viwili. Kliniki ya macho, wiki hiyohiyo.