Wasomaji Wanauliza: Bibi Ameruhusiwa Kutembea, Lakini Anaogopa

SWALI: Bibi yetu, miaka 74, aliteleza akitoka chooni, akavunjika nyonga na kuwekewa vyuma. Sasa ni wiki ya saba. Kliniki wamempiga picha, wakasema mfupa unaunga vizuri na mguu aukanyagie. Yeye hasimami mpaka ashikwe na watu wawili, na chooni mjomba anambeba. Tumlazimishe?
Mjukuu, Tukuyu

JIBU: Msimlazimishe, ila acheni kumbeba. Misuli ya mapaja ya mzee anayeshinda kitandani hunyauka ndani ya wiki chache, na hapo hatari ya kuanguka huwa kubwa kweli. Kumwambia "usiogope" hakumsaidii. Muulizeni anaogopa nini hasa. Wazee wengi huogopa zaidi kuanguka na kubaki chini peke yao bila mtu kusikia. Filimbi iliyofungwa shingoni huwatuliza kuliko maneno.

Anzeni na kiti kigumu chenye mikono, urefu wa kukalia kama sentimita 45, mgongo wake ukigusa ukuta kisisogee. Bibi asogee hadi ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo, ashike mikono ya kiti, ainamishe kifua mbele, ndipo ajisukume juu. Mwenye hofu hujivuta nyuma anaponyanyuka. Uzito hubaki kwenye visigino, anarudi kitini kwa kishindo, kisha anaamini mguu haufai tena. Hilo mrekebisheni kwa upole kila mara. Afanye mara tano asubuhi na tano jioni, mkiongeza taratibu hadi kumi. Kama ameandikiwa dawa ya maumivu, muda wa kuinywa uangukie nusu saa kabla ya mazoezi.

Fremu ya kutembelea iwe na mishikio inayofika usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza, mkono ukining'inia. Itangulie fremu, ufuate mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Penye kizingiti, kupanda aanze na mguu mzima, kushuka aanze na uliopasuliwa. Raba za miguu ya fremu zikilika, badilisheni. Kwenye sementi yenye maji zitateleza.

Msaidizi ni mmoja tu. Asimame upande wa mguu uliopasuliwa, nyuma kidogo, ashike kanga iliyofungwa vizuri kiunoni mwa bibi. Kumvuta mkono kunamwondolea mizani, na ndiyo maana anadai watu wawili.

Choo cha nje kisubiri, maana tope la mvua za Rungwe halina huruma. Kwa sasa fundi seremala awatengenezee kiti chenye tundu na mikono, ndoo ikae chini yake. Cha plastiki msikitoboe: miguu yake hutanuka ghafla. Usiku taa iwe karibu na kitanda, na kabla ya kusimama akae ukingoni kama dakika mbili, hasa akiwa anatumia dawa za presha. Baridi ya Juni na Julai humfanya mzee ajifunge vitenge viwili vitatu. Viishie juu ya vifundo vya miguu. Malapa ayaache, avae viatu vya raba vinavyoshika kisigino.

Mrudisheni hospitali bila kusubiri siku ya kliniki akipata maumivu mapya makali ya nyonga, mguu ukifupika au kupinda kwa nje, kidonda kikitoa usaha, shavu la mguu likivimba, au pumzi ikimbana ghafla.