Mshipa gani: wa damu au wa fahamu?

Swali: Nafasiri vipeperushi vya afya. Kila nilipoandika "mishipa ya fahamu" mhariri wangu ameweka "neva", na sentensi yangu "ateri hubeba damu safi, vena hubeba damu chafu" ameifuta kabisa. Nimekosea wapi?

Jibu: La kwanza hukukosea. La pili umekosea, ila kosa lenyewe si la Kiswahili.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kinachodunda pale tunakiita mshipa. Mistari ya kibuluu inayoonekana chini ya ngozi, nyuma ya kiganja, nayo ni mishipa, ingawa haidundi. Ukijigonga kiwiko kwa ndani, ukahisi kama shoti ya umeme inayoshuka hadi kidole kidogo, utasema umejigonga mshipa. Kunja ngumi: zile kamba ngumu zinazotuna kifundoni wengi watakwambia ni mishipa vilevile. Mkono mmoja, neno moja, vitu vinne: ateri, vena, neva na kano. Na hapo sijamtaja anayesema "naumwa mshipa" akimaanisha ngiri, wala yule asiye na mshipa wa aibu, ambao hakuna daktari aliyewahi kuupasua.

Kwa hiyo tatizo ni "mshipa" kuachwa peke yake. "Mshipa umebanwa" haimwambii msomaji kama damu haipiti au mguu umekufa ganzi. Ongeza "wa damu" au "wa fahamu" na mambo yananyooka.

Hata hivyo mhariri wako ana hoja. "Fahamu" humvuta msomaji kwenye kujitambua, kama katika "kupoteza fahamu". Sasa, aliyezimia bado kifua chake kinapanda na kushuka, na kinachokiendesha ni neva zinazotoka kwenye ubongo na ugwe wa mgongo. Moyo nao hujipiga wenyewe. Neva huuharakisha au kuutuliza tu, bila kukuomba ruhusa. Sehemu kubwa ya kazi ya "mishipa ya fahamu" hufanyika wewe hufahamu lolote! Isitoshe, mshipa wa damu ni mrija wenye uwazi ndani, lakini neva ni fungu la nyuzi zinazopitisha ishara, hakuna kimiminika kinachotiririka humo kama damu. Katika kitabu cha sayansi ningeandika neva moja kwa moja. Kwenye kipeperushi ningeanza na "mishipa ya fahamu, yaani neva", kisha niendelee na neva. Kufuta kila mahali ni ukali wa bure.

Ama damu "safi" na "chafu", hapo mwache mhariri ashinde. Ateri ya mapafu huchukua damu yenye oksijeni kidogo kutoka moyoni kwenda mapafuni, na vena za mapafu huirudisha ikiwa na oksijeni tele. Kanuni yako inapinduka palepale. Wala damu hiyo si chafu, ina kabonidayoksaidi zaidi tu. Andika hivi: "Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha moyoni."

Na kwa kuwa umeniletea kipeperushi kizima, nimeona pia "maneva yamebanwa". Neva, ateri na vena zimeingia ngeli ya I-ZI: neva imebanwa, neva zimebanwa. Anayehitaji "ma-" ni pafu.