Kadiria kwanza, ndipo upime: kwa wanaoanza kuchunguza gharama ya mwendo wa wanyama

Anayeingia katika utafiti huu hutamani siku ya kwanza tu amwone mnyama akikimbia juu ya mkanda unaozunguka, amevaa barakoa ya kupimia oksijeni anayotumia, ambayo ndiyo inayotuonyesha nishati anayotumia, huku kompyuta ikichora mistari. Mistari itachorwa hata kama barakoa inavuja. Ndiyo maana tabia ya kwanza ya kujenga ni hii: kabla ya kupima chochote, andika daftarini namba unayoitarajia na jinsi ulivyoipata.

Kwa mamalia na ndege wanaokimbia, pa kuanzia ni mlinganyo uliochapishwa na C. R. Taylor na wenzake mwaka 1982. Wati kwa kila kilo ya mwili ni sawa na 10.7 × M^−0.316 × v, jumlisha 6.03 × M^−0.303, ambapo M ni masi kwa kilo na v ni mwendokasi kwa mita kwa sekunde. Mnyama wa kilo 10 anayekwenda mita 2 kwa sekunde anatarajiwa kutumia takriban wati 13.3 kwa kilo. Mililita moja ya oksijeni huleta takriban jouli 20.1, kwa hiyo mnyama mzima atavuta karibu mililita 400 za oksijeni kwa dakika. Spishi yako inaweza kupanda au kushuka kutoka hapo. Lakini ukipata 150, anza kukagua mipira ya kupitishia hewa kabla ya kuanza kuota ugunduzi.

Namba hiyohiyo ndiyo inayokuchagulia kasi ya pampu inayovuta hewa kupitia barakoa. Lenga oksijeni ishuke kwa kati ya asilimia 0.3 na 0.8. Ikishuka chini ya hapo, kuyumba kwa kichanganuzi, yaani chombo kinachopima oksijeni kwenye hewa, kutaimeza. Ikizidi sana, mnyama anarudia kuvuta hewa aliyokwisha kuitoa. Kwa mililita 400, mtiririko wa lita 80 kwa dakika utakupa mshuko wa karibu asilimia 0.4, iwapo sampuli, yaani hewa inayopelekwa kwenye kichanganuzi, imekaushwa na kaboni dioksidi imeondolewa.

Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapoanguka. Hewa kavu ina oksijeni asilimia 20.95. Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba mvuke ina maji asilimia 3 na ushee, na oksijeni yake inashuka hadi takriban asilimia 20.3. Yaani mvuke peke yake unaweza kuleta mshuko wa asilimia 0.65, mkubwa kuliko ule wa mnyama unayemtafuta! Pitisha sampuli kwenye kikaushi, kisha kwenye kemikali ya kufyonza kaboni dioksidi, kisha kwenye kikaushi tena, kwa sababu kemikali hiyo hutoa maji inapofanya kazi. Kikaushi kikianza kubadilika rangi, kibadilishe kabla ya jaribio. Usingoje kiishe chote.

Kuondoa kaboni dioksidi nako kunabadilisha hesabu. Ujazo wa sampuli umepungua, hivyo kiasi cha oksijeni kilichobaki kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Asiyeliweka hilo kwenye fomula atapata matumizi ya oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 21. Fomula yenyewe hutegemea mita ya mtiririko iko wapi, kabla ya barakoa au baada yake, kwa hiyo chora mchoro wa mfumo wako wote, kuanzia hewa inapoingia hadi inapotoka, na uubandike ukutani.

Kisha upime mfumo bila mnyama. Njia ya kuaminika kuliko zote ni kumwaga naitrojeni ndani ya barakoa kwa kasi unayoijua. Kwa mfumo unaovuta hewa na kuondoa kaboni dioksidi, zidisha kasi ya naitrojeni kwa 0.265 upate oksijeni inayolingana nayo: lita 1.5 kwa dakika ni sawa na mnyama wetu wa mililita 400. Ikiwa kichanganuzi hakikuonyeshi mshuko ule uliouandika daftarini, tatizo liko kwenye vyombo. Mnyama akishavaa barakoa, angalia pia uvujaji: punguza mtiririko hatua kwa hatua. Matumizi ya oksijeni yasibadilike. Yakianza kushuka, ujue pumzi inatoroka pembeni.

Kuhusu muda: mnyama aende kwa kasi moja angalau dakika nne au tano, na uchukue tu kipande cha mwisho ambapo mstari umelala. Ukitumia chemba, yaani kisanduku kilichofungwa anamokaa mnyama, badala ya barakoa, subira ni ndefu zaidi. Chemba ya lita 10 yenye mtiririko wa lita 5 kwa dakika inahitaji zaidi ya dakika tisa kufikia asilimia 99 ya badiliko. Pia pima lakteti ya damu, ambayo misuli huitoa inapopata nishati bila kutumia oksijeni, kwenye kasi za juu, kwani ikiwa inaendelea kupanda, oksijeni haikuelezi nishati yote.

Uchaguzi wa kasi nao una hesabu yake. Namba ya Froude ni mraba wa mwendokasi ugawanywe kwa zao la 9.81 na urefu wa mguu kutoka nyonga hadi chini. Wanyama wengi huacha kutembea inapokaribia 0.5. Kwa mguu wa nusu mita, hiyo ni karibu mita 1.6 kwa sekunde. Usipange kipimo chako palepale, maana mnyama atabadilisha mwendo kila mara, mara mchakamchaka, mara atembee, na oksijeni haitatulia. Hoyt na Taylor walionyesha mwaka 1981 kuwa kila mtindo wa mwendo wa farasi una kasi yake ya gharama nafuu, kwa hiyo usichanganye data za kutembea, mchakamchaka na shoti kwenye mstari mmoja.

Kwenye video za kupima mwendo wa viungo, kosa kubwa ni kuamini michapuko, yaani jinsi mwendokasi unavyobadilika. Tuseme kamera inapiga fremu 250 kwa sekunde na nukta moja ya mwili imewekwa vibaya kwa milimita 1 tu kwenye fremu moja. Ukitafuta mchapuko kwa tofauti za fremu tatu, kosa hilo linakuwa mita 125 kwa sekunde mraba, zaidi ya mara 12 ya mvutano wa dunia. Chuja data za mahali, yaani ondoa mitikisiko ya haraka isiyo ya mnyama, kabla ya kutafuta mwendokasi na mchapuko, na uandike ulichuja kwa masafa gani. Kumbuka pia kwamba alama za ngozini huteleza juu ya mfupa, hasa gotini na nyongani.

Usigeuze kazi ya kimekanika kuwa nishati kwa kugawa na ufanisi wa kubuni. Kano huhifadhi nishati na kuirudisha. Kangaruu waliopimwa na Dawson na Taylor mwaka 1973 waliongeza kasi ya kuruka bila matumizi ya oksijeni kupanda. Pima muda ambao mguu uko chini, kwani Kram na Taylor walionyesha mwaka 1990 kuwa gharama ya kukimbia huendana vizuri nao: muda ukifupika, gharama kwa sekunde hupanda. Na kila unapotoa gharama, sema kama umeondoa ile ya kupumzika au la.