Kijana, nionyeshe kwanza daftari lako la porini

Kila mwaka vijana wanaomaliza shahada ya uzamili huniuliza swali lilelile: mtafiti wa wanyamapori anajengaje jina? Wengi wanatarajia niwatajie majarida ya kuchapisha. Mimi huomba kwanza kuona daftari lao la porini.

Nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza Serengeti nilikuwa nahesabu nyamera kwenye mistari niliyoichora juu ya ramani ya serikali ya 1:50,000. Kila jioni nilinakili namba za GPS kwa mwandiko safi, nikaamini nimemaliza. Sikuandika kifaa kilikuwa kimewekwa kwenye mfumo gani wa ramani, yaani kanuni ya kuhesabia mahali kitu kilipo. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS kwa kawaida husoma WGS84, na kwa huku kwetu mifumo hiyo miwili inapishana kwa takriban meta 300. Katikati ya msimu mwenzangu alikiazima kifaa, akabadilisha mfumo, akakirudisha. Nilipoingiza data kwenye kompyuta, nyamera niliowaona kwa macho yangu kwenye nyasi fupi wakaangukia ndani ya vichaka vya kando ya mto. Sikuweza kujua ni siku gani hasa mambo yalibadilika, kwa hiyo msimu mzima haukufaa kitu. Nililia.

Sasa tazama habari ya nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hesabu za angani zilionyesha takriban 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamevuka milioni 1.3. Mwanaikolojia Anthony Sinclair, aliyefika Serengeti 1965 na kuanza na nyati, aliona nao wanaongezeka. Punda milia hawakuongezeka. Tofauti hiyo ndiyo iliyofungua fundo, kwa sababu nyumbu na nyati huugua sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na jamaa zao, punda milia hawaugui. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamechanjwa, ugonjwa ukatoweka porini, na ndama wakaanza kupona. Kisha mambo yakaendelea kufuatana: nyumbu wengi wakala nyasi nyingi, nyasi zilizobaki hazikutosha kulisha moto mkubwa, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Waliokaa kwenye ndege mwanzoni mwa miaka ya sitini wakihesabu nyumbu hawakujua kwamba wanasaidia kujibu swali la miti. Waliandika vizuri tu, na waliofuata wakaweza kuendelea pale walipoishia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mtanzania mwenzetu, Simon Mduma, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: nyumbu wanakufa kwa nini? Jibu likawa ndani ya mifupa. Ukipasua mfupa wa mguu wa nyumbu aliyekuwa na afya, uboho wake ni mweupe, mgumu, umejaa mafuta. Wa aliyedhoofika kwa njaa ni kama uteute, mwanga unapita, kwa kuwa mafuta ya uboho ndiyo akiba ya mwisho mwili unayoigusa. Mzoga mmoja baada ya mwingine, kiangazi baada ya kiangazi. Makala aliyoichapisha 1999 na Sinclair na Ray Hilborn iliunganisha kazi hiyo na rekodi ya miaka 40, ikaonyesha kwamba chakula cha kiangazi ndicho kinachoamua idadi ya nyumbu. Bado inanukuliwa leo. Hebu fikiri: mtafiti mmoja angewezaje kuwa na miaka 40 ya data peke yake?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chagua swali utakaloweza kulivumilia, si lile linalovutia wafadhili mwaka huu tu. Ukirithi mstari wa kuhesabia, usiubadilishe kwa sababu umepata njia unayoiona bora. Kwa misimu kadhaa fanya ya zamani na mpya sambamba, ili atakayelinganisha awe na daraja. Vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI vianze mapema sana, hapo sina la kuongeza. Na data zako wape wengine wazitumie. Najua hofu ya kupokonywa wazo, niliishi nayo miaka mingi, lakini data zangu zilizoletea watu faida ni zile nilizozitoa.

Ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu siku hizi una mambo yaleyale: mfumo wa ramani, aina ya kifaa na nani anakitumia, saa ya kuanza, urefu wa kiti cha mtazamaji garini, nyasi zinafika wapi mguuni. Naandika kwa penseli, maana wino huyeyuka mvua ikiingia. Jioni napiga picha kila ukurasa, na nakala moja hailali kambini.